Jaketi la Pikipiki kwa Anayepita Isyonje

Ng'ombe akionekana yuko kwenye joto, yaani anataka dume, asubuhi, anahimilishwa jioni ya siku hiyo. Akionekana jioni, anahimilishwa asubuhi ya kesho yake. Ndiyo kanuni tuliyofundishwa sisi tunaofanya kazi ya uhimilishaji, yaani kumpandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija bila dume, na haina kipengele cha mvua. Joto lenyewe hudumu saa 12 hadi 18 hivi, likipita unasubiri kama siku 21 lirudi, na mfugaji anayehesabu siku za maziwa hana habari na ukungu wa Isyonje. Kwa hiyo mimi huwa barabarani na pikipiki saa ambazo watu wenye akili zao wamekaa jikoni wanaota moto.

Naishi Uyole, jijini Mbeya. Wafugaji wangu wako Isongole, Ndaga, Kiwira, wengine Mwakaleli, na wachache wako juu kuelekea Kitulo. Mara mojamoja nateremka hadi Kyela kwa mambo ya ukoo. Aliyewahi kupita barabara ya Uyole hadi Kyela, inayopanda Isyonje, anajua ninachosema: jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo uko kwenye 2,600, na Ziwa Nyasa liko chini ya 500. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi 6 hivi. Mtu akitoka Kitulo alfajiri na kula chakula cha mchana Kyela, amepita tofauti ya nyuzi 12 bila kuhesabu jua lenyewe, na katikati ya safari amekatiza Rungwe, ambako sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Muuzaji akikwambia jaketi lake ni la hali zote za hewa, muulize hewa ya wapi.

Watu wengi wakishika jaketi dukani wanauliza swali moja: linavuja au halivuji? Miaka hii ya kupanda na kushuka imenifundisha kuuliza jingine kabla ya hilo. Maji yanazuiwa wapi? Yanaishia juu ya kitambaa cha nje, au yanaachwa yaingie kwanza ndipo yazuiwe ndani? Majaketi mawili yanaweza yote mawili kukufikisha ukiwa na shati kavu, lakini moja likakufikisha unatetemeka.

Kwangu kutetemeka si suala la raha tu. Mrija wa mbegu tunautoa kwenye mtungi wa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, tunauyeyusha kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37, kisha bomba la kuhimilishia likishajazwa wengi wetu hulichomeka ndani ya shati, lipate joto la mwili wakati tunatembea kuelekea zizini. Mbegu iliyokwisha kuyeyuka haipendi baridi. Kifua kikiwa kama jiwe la mtoni, kazi imeharibika kabla hujamgusa ng'ombe. Halafu kuna vidole: mlango wa kizazi unatafutwa kwa kupapasa, na vidole vilivyokufa ganzi havipapasi kitu.

Sasa jaketi la kitambaa la kawaida, lile zito lenye pedi za mabega na viwiko, ambalo lebo yake inasema halipitishi maji. La kwanza la namna hiyo nililirithi kwa mwenzangu aliyemaliza mkataba wa mradi. Ukilipasua (fundi cherehani wangu wa Uyole alinifungulia mshono tuone) unakuta tabaka tatu: nje kitambaa kigumu cha poliesta, ndani bitana laini, na katikati utando mwembamba umening'inia kama karatasi ya nailoni, umeshonewa pembeni tu. Huo utando ndio unaozuia maji. Kile kitambaa kigumu cha nje kazi yake ni kukukinga na lami ukianguka. Maji kinayanywa.

Kwa manyunyu ya mjini hilo halina shida. Lakini toka Uyole na mvua ya Februari upande hadi Isyonje, ukifika kitambaa cha nje kimelewa, jaketi limekuwa zito mabegani, na upepo unakausha yale maji huku unaendesha. Maji yakikauka yanachukua joto, na joto lililo karibu ni lako. Hata bila maji, hewa ya nyuzi 10 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa mwili unaisikia kama nyuzi 5. Ongeza hapo kilo kadhaa za kitambaa kilicholowa. Shati kavu, meno yanagongana.

Tena mifuko! Mifuko ya nje ya jaketi la aina hii iko nje ya utando. Simu na daftari la kumbukumbu za wafugaji vyote vinalowa wakati wewe mwenyewe umekauka. Na kesho yake asubuhi unalivaa likiwa bado bichi, maana Rungwe mwezi wa pili hakuna kitu kinachokauka.

Kuna aina nyingine ambayo utando wake unavuliwa kwa zipu, eti kiangazi uutoe na masika uurudishe. Wazo zuri kwa nchi ambako mvua inatangazwa. Sisi huku unatoka Igawilo na jua, ukifika juu unamiminiwa. Usimame kando ya barabara, malori ya Malawi yanakupita, uvue jaketi kwenye mvua ufunge kitu kwa ndani? Hapana.

Koti la mpira lile la madukani, suruali na koti rangi ya bluu au kijani, linadharauliwa bila sababu. Maji yanaishia nje kabisa, tone haliendi popote, na ukilikung'uta limekauka. Ubaya wake mnaujua: jasho. Mpira hautoi mvuke hata kidogo, na nikilivaa huku natembea na mtungi kupanda katikati ya migomba hadi zizini, nafika nimelowa kwa ndani kuliko nje. Mishono ya kwapani na ya katikati ya mapaja ndiyo inayoachia kwanza. Baridi ya Juni nayo inaufanya mpira ukakamae mpaka unapasuka kwenye mikunjo. Lakini kwa bei yake sijui kitu kinacholishinda kirahisi.

Aina ya mwisho ndiyo ghali. Utando umegandishwa moja kwa moja nyuma ya kitambaa cha nje, vimekuwa kitu kimoja. Maji yanagonga yanateleza, hayana pa kukaa. Utando unaojulikana zaidi ni Gore-Tex, uliotokana na Bob Gore kule Marekani mwaka 1969 alipoivuta kwa ghafla plastiki iitwayo PTFE ikatanuka ikawa na vitundu vidogo sana: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Leo makampuni mengi yana utando wao wa aina hiyo kwa majina tofauti. Jaketi jipya la pikipiki la daraja la juu la namna hii linaweza kuzidi dola 1,000. Kwa mhimilishaji wa Uyole hiyo ni bei ya ng'ombe, kwa hiyo tuzungumze mitumba.

Sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, majaketi haya yapo, yamechanganyika na ya kuteleza kwenye theluji, ya wavuvi, ya askari, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui lipi ni lipi. Maongezi huwa hivi.

"Daktari, karibu. Hili la Mjerumani, hata upepo haliruhusu."

"Ngoja nilipindue kwanza, kaka."

"Pindua tu. Mzigo wangu hauna aibu."

Kupindua ndiko kununua. Nje jaketi la mtumba linaweza kung'aa kama jipya, siri iko ndani. Angalia tepu zilizobandikwa juu ya mishono: kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na tepu ndiyo inayouziba. Zikiwa zimeinuka pembeni au zimekatika mabegani, acha. Kisha sugua upande wa ndani kwa kidole gumba. Vitambaa vingi vimepakwa poliyurethani, aina ya plastiki, na hiyo inazeeka kwa unyevu hata jaketi likiwa limetundikwa kabatini: inaanza kunata, kisha inamenyuka vipande kama ngozi iliyoungua jua. Ikifikia hapo hakuna fundi wala dawa. Nusa pia. Ile iliyoanza kuoza ina harufu ya uchachu ambayo sabuni haiitoi.

Jua pia kama ni la pikipiki kweli. La theluji linaweza kuzuia maji vizuri sana, na wengi wa bodaboda wa Mafiati na Kabwe wanavaa hayo, lakini likikutana na lami linaisha kabla hujaacha kuteleza. La pikipiki lililotengenezwa Ulaya miaka ya karibuni lina lebo ya EN 17092 na herufi: AAA ndiyo ngumu kuliko zote, kisha AA, kisha A. Pedi za mabega na viwiko zinaandikwa EN 1621-1 na tarakimu 1 au 2. Kwenye kipimo chao cha kugonga, pedi ya 1 inaruhusu nguvu ya wastani wa kilonyutoni 35 ipenye hadi mwilini, ya 2 inaruhusu 20. Toa pedi mfukoni mwake usome. Mara nyingi mitumba inakuja bila pedi, na hapo unapunguza bei huku unajua pa kuzitafuta: kwenye jaketi lililooza utando lakini pedi zake nzima, ambalo muuzaji huyohuyo atakupa kwa bei ya maji.

Niseme kidogo kuhusu vijana wanaovaa jaketi kinyume, zipu mgongoni. Wageni wanacheka. Mimi naona wamegundua jambo ambalo baadhi ya watengenezaji bado hawajalitatua: kifua ndicho kinachopokea upepo na mvua yote, na mtengenezaji ameweka tundu refu kuliko yote hapo hapo. Ubaya wa kuligeuza ni kwamba mgongo unabaki wazi, pedi za viwiko zinahama, na ukianguka kulivua ni kazi ya watu wawili. Jaketi zuri linafunika zipu kwa vipande viwili vya kitambaa vinavyopishana, kati yake kukiwa na mfereji wa kuteremsha maji mpaka chini. Ukiona zipu ya mbele imelala wazi bila kifuniko chochote, hata iwe ile ya kung'aa iliyopakwa mpira, usiliamini kwa safari ya saa nzima.

Nikishafika nalo nyumbani nalijaribu kabla ya kuliamini. Navaa fulana ya kijivu, kwa kuwa kijivu kinaonyesha alama ya maji waziwazi, navaa jaketi, nakaa kwenye pikipiki nimeshika usukani kama ninaendesha, na kijana wangu ananipulizia maji kwa bomba la mgongoni, lile la kupulizia viazi. (Liwe jipya au la maji matupu. Bomba lililowahi kubeba dawa ya ukungu usijipulizie.) Kifuani, shingoni, mapajani, kwa dakika kumi au zaidi. Majirani walishazoea. Kukaa kwenye pikipiki ni muhimu, kwa sababu jaketi linaweza kuwa zima ukiwa umesimama na likavuja ukikaa: maji ya kifua yote yanateremka na kufanya dimbwi mapajani, kati ya tumbo na tangi, na hapo yanakandamizwa na uzito wako. Ndiyo maana namba za maabara, kwamba kitambaa kinahimili safu ya maji ya milimita 10,000 au 20,000, zinanisaidia kuchagua kitambaa lakini haziniambii habari ya mshono wa katikati ya mapaja.

Ukimaliza, vua usome fulana. Alama kifuani katikati ni zipu. Alama shingoni ni kola, na kola karibu zote zinashindwa, kwa kuwa maji ya helmeti yanatiririkia hapo; kitambaa cha shingoni kisichonyonya maji, kiingizwe ndani ya kola, kinamaliza jambo hilo. Alama kwenye pindo la chini inawachanganya wengi. Wanasema utando umetoboka, kumbe bitana ya ndani imeshushwa mpaka ukingoni na inachungulia nje kidogo. Inagusa suruali iliyolowa na kuvuta maji kupanda juu, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Fundi anaikata bitana sentimita chache, anaweka ukanda wa kitambaa kisichonyonya, kwisha. Nimeokoa majaketi ya wenzangu kwa mshono huo mmoja tu.

Mikononi kuna mabishano yasiyoisha. Glavu juu ya mkono wa jaketi, au chini yake? Mimi nasema chini, kwa sababu nikishika usukani viganja viko chini ya viwiko na maji yanateremka kuelekea vidoleni. Glavu ikiwa juu inakuwa ndoo. Anayeendesha kasi kubwa kwenye lami atakwambia upepo unayasukuma maji yapande. Kwenye udongo mwekundu wa Mwakaleli hakuna kasi hiyo.

Halafu kuna Kyela. Hapa ndipo maneno ya "linapumua" yanapoishiwa nguvu. Utando unatoa jasho pale ambapo ndani kuna joto na unyevu mwingi kuliko nje. Kitulo tofauti hiyo ni kubwa, na jaketi linapumua vizuri. Kyela mwezi wa tatu, hewa ya nje nayo ni moto na imejaa mvuke, jasho litoke liende wapi? Kule kinachosaidia ni zipu za kupitisha hewa, kwapani na mgongoni, na hapa tena swali la wapi linarudi. Kwenye jaketi la utando ulioning'inia, ukifungua zipu ya kifuani hewa inaingia inakutana na utando na kuishia hapo. Kwenye lile la utando uliogandishwa, hewa inafika mwilini. Muulize muuzaji, au fungua zipu upitishe kidole: kikigusa bitana ya ndani kabisa ni sawa, kikigusa ukuta wa nailoni unalipia pambo.

Asiyepata la kugandishwa, na wengi hatulipati, asinunue lile la utando ulioning'inia kwa bei kubwa kwa sababu ya neno la kuzuia maji. Nimemshauri hivyo mwenzangu wa Umalila, ambako baridi yake inajulikana: nunua jaketi lenye pedi nzuri na matundu ya hewa, hata likiwa linavuja kama tenga, kisha nunua koti jepesi la mvua, saizi moja au mbili zaidi, la kuvaa juu ya yote. Liwe rangi inayoonekana kwenye ukungu, njano au chungwa, na uongeze mkanda wa kuakisi mwanga mgongoni, maana koti linafunika ule wa jaketi. Likae juu ya mizigo mahali pa kulichomoa haraka, na livaliwe matone ya kwanza yakianguka. Wanaongoja waone kama mvua itakuwa kubwa wanafunika maji ambayo tayari yamo.

Kufua nako. Sabuni ya unga ya kawaida na ile ya kulainisha nguo huacha mabaki yanayovuta maji, na jaketi ambalo matone yalikuwa yanaviringika na kuanguka linaanza kulowa usoni. Utando haujatoboka, ila umezibwa kwa nje, jasho halitoki, na mwenye jaketi anasema linavuja. Mimi nalifuta tope kwa maji ya vuguvugu na brashi laini, nalisuuza mpaka maji yatoke meupe, na ikibidi natumia sabuni kidogo ya kimiminika isiyo na manukato. Dawa ya kupulizia ya kurudisha kuteleza nilipata kwa mtu aliyekuwa anakuja kutoka Dar es Salaam, naitumia mwanzoni mwa masika. Na ukikaribishwa jikoni, usikubali litundikwe juu ya moto. Bibi mmoja wa Isongole aliniambia kwa upole wote, "Lete mwanangu, likauke haraka." Nilimshukuru nikaliweka mlangoni kwenye upepo. Joto la kuni linaachisha tepu za mishono, na moshi haufuliki.

Glavu ndizo bado sijapata jibu. Zinazodai kuzuia maji zinashindwa kwenye mishono ya vidole, na zikilowa ndani hazikauki mpaka wiki ijayo. Kwa sasa navaa ndani yake zile glavu ndefu za plastiki za kazini, zinazofika begani, nimezikata kwenye kiwiko. Mfugaji mmoja wa Ndaga aliniona nikizivaa kabla ya kuondoka kwake, mvua ikinyesha, akaniuliza kama hiyo pikipiki nayo iko kwenye joto.